Wageni Wakija, Usizibe Nyufa

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Mama, kifua kimeachia? Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini siku hizi husikii mpaka uweke spika, na ukiweka, mtaa mzima unasikiliza. Haya nataka mdogo wangu Mwanahawa akusomee chumbani, mlango umefungwa.

Unajua kazi yangu ni kupima zege kwenye maabara hapa Kariakoo. Mwezi jana yalikuja magogo ya zege yaliyokatwa kwenye ukuta wa bwawa la zamani. Gari haliingii mtaa wetu kwa wingi wa watu, kwa hiyo yaliletwa kwa mkokoteni kutoka Msimbazi. Mpagazi alikuwa anahema, akaniuliza, "Sista, Kariakoo nzima watu wananunua nguo, nyie mnanunua mawe?" Nikacheka. Kisha nikasoma kibandiko, kicheko kikakatika. Ni bwawa letu, hilo unalolilinda wewe.

Nikueleze ugonjwa wake. Kokoto zilizochotwa mtoni wakati wa ujenzi zinagombana na saruji. Ugomvi huo unatoa ute, ute unakunywa maji na kuvimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Tumekata vipande tukaviloweka kwenye maji ya moto yenye dawa kali, tuone kama bado vitavimba. Kila asubuhi navipima urefu huku naomba Mungu visiwe vimeongezeka, na vinaongezeka. Naogopa, Baba.

Gogo moja lilikuwa na plasta laini, na chokaa juu yake. Mkuu wangu, tunamwita Mama Injinia, alilishika akafoka: "Fundi gani huyu anaziba nyufa? Wakaguzi wataona nini sasa?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Ni baba yangu, Mama. Kwetu mgeni hapokelewi kwenye ukuta wenye nyufa."

Akaniangalia weee. "Basi mwambie asiwapokee vizuri namna hiyo."

Maana ndivyo ulivyo. Ukisikia tu wakaguzi wanakuja, unaziba, unapaka chokaa, unafagia kama kesho Idi. Wanakuta ukuta unang'aa, wanakula kuku wa Mama, wanaondoka wakikusifu. Nakupenda kwa hilo, na limenikasirisha hadi nimelia chooni kazini.

Sasa wanakuja tena, kabla ya mvua. Watakuuliza kama geti la kutolea maji linafunguka. Usiwaambie linataka grisi tu. Sema ukweli, kwamba mnalivuta kwa minyororo na wanaume wa kijiji ndipo lisogee. Zege limevimba, limelibana. Likigoma kabisa mvua zikiwa zimekolea, maji yatakosa pa kutokea, na nyumba yetu iko chini yake, pamoja na za majirani wote. Wakiziona nyufa, watakubali kupunguza maji mapema. Najua wenye bustani watakununia, watasema umewakaushia mboga. Pengine na kazi watakunyang'anya. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nitakulisha mimi, Baba. Kukuzika pamoja na Mama siwezi.

Nisalimie Mama, na mvua zikianza ahamie na wajukuu kwa shangazi kule mlimani, asibishane. Msalimie kaka Hamisi na bustani yake bondeni. Yeye ndiye atakayepiga kelele kuliko wote, mvumilieni. Bibi mwambieni vitenge vyake nimeshanunua.

Ni mimi binti yako nisiyelala vizuri,
Somoe.

Mwanahawa, na hili msomee kwa sauti. Wageni wakikaribia, akianza kuchanganya plasta, mwombe aache. Akikataa, chukua patasi uikwangue mchana kweupe, watu wakiona. Akikukataza, nipigie. Nitapanda basi nije kuikwangua mwenyewe, mbele yake.