Figo za Mtoto wa Farasi

Jumatatu, 4 Machi

Farasi wa baba mkwe amezaa! Jike, jekundu, miguu mirefu kuliko akili. Kasimama, kaanguka, kasimama tena. Baba mkwe alilia waziwazi — farasi huyu alikuwa wa marehemu mkewe, na umri umekwenda, hatazaa tena. Leo kaniita "Daktari". Siku zote mimi ni "mama" tu.

Ila mtoto ananyonya kidogo, analala mno. Nikamtoa damu, nikaipima kwenye mashine nyuma ya gari. Kreatinini iko juu sana, mara tatu ya farasi mzima! Huo ni uchafu ambao figo hupaswa kuuchuja. Labda ni mabaki ya tumboni tu, kondo la nyuma la mama yake lilikuwa limechoka. Hayo hushuka yenyewe baada ya siku moja mbili. Labda figo hazifanyi kazi. Damu ya kesho ndiyo itakayosema.

Baba mkwe akachungulia, akauliza kama hiyo namba ni kubwa. Nikasema ni kubwa sana. Mwalimu mstaafu yule — akapiga makofi! Akaenda mbio kwa jirani kutangaza kwamba mjukuu wake wa miguu minne amewapita wakubwa wote. Sikumrekebisha. Nampenda mno mzee huyu.

Jumanne, 5 Machi

Nimelala kwake, kwenye kochi. Mume wangu kapiga simu: nimwambie baba ukweli. Nikamjibu amwambie yeye, ni baba yake. Akasingizia mtandao. Mwoga mwenzangu.

Mtoto amekojoa. Tele! Sijawahi kufurahia mkojo kiasi hiki.

Damu ya pili: kreatinini imeshuka zaidi ya nusu. Bado haijafika panapotakiwa, kesho napima tena, lakini inashuka! Nikapaza sauti peke yangu garini: imeshuka, imeshuka!

Kumbe baba mkwe kasimama nyuma yangu na vikombe viwili vya chai. Akanipa changu, akaingia bandani, mabega chini. Naandika nimeegemea mbao za banda. Namsikia. Anambembeleza mtoto asijitie unyonge, mtihani hurudiwa. Hata bibi yake, marehemu mama mkwe, alifeli mwaka mmoja, anasema, na yeye alimpenda vilevile.

Naingia kumweleza. Ngoja kwanza nifute macho, maana akiniona hivi atadhani nami nalilia alama.