Ndege Mbili za Baba

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umekaa juu juu tangu alfajiri, hata msimamizi amenikataza leo kugusa mashine ya kukatia vioo. Nimejibanza kwenye kompyuta ya stoo, katikati ya makasha ya fremu za miwani. Nakuomba uisome yote kabla hujatoka kwenda kumpokea Baba kesho asubuhi.

Ndege ya kwanza imeshatua. Nimeona kwenye ukurasa wa uwanja saa sita na nusu. Ya pili inaondoka saa kumi na mbili jioni, na hapo katikati Baba yuko peke yake mahali asipopajua. Najua utauliza kwa nini sikumkatia ya moja kwa moja.

Uliponiambia nimtafutie tiketi, kwa kuwa karatasi ulizomtafutia za kuishi kwako bado hazijaisha muda, nilidhani ni kazi ya nusu saa. Imenilia wiki tano za mapumziko ya mchana. Tovuti ya kwanza ilitangaza nauli ya chini mno, nikafurahi peke yangu kama mwehu. Nilipobonyeza kuendelea, wakaongeza ya begi. Nikabonyeza tena, wakaongeza ya kiti, kana kwamba kuna abiria wanaoruka wamesimama. Nyingine ilinitaka nitume pesa kwenye simu ya mtu binafsi, hiyo niliikimbia.

Ndipo mama wa mapokezi, ambaye kazini wote tunamwita Mama Nauli, akavuta kiti akakaa karibu yangu. Aliniambia niachane na mwisho wa wiki nitafute siku za katikati, na kila nikimaliza nifute kumbukumbu za kompyuta ili mtandao unione mgeni, maana eti tiketi zinamjua mwenye shida na zinampandishia bei makusudi. Sijui kama ni kweli, lakini nilifuta. Ya moja kwa moja haikushuka hata siku moja. Hii ya ndege mbili ilishuka Jumatano, vimebaki viti viwili, nikaidaka. Mikono ilikuwa na haraka nikakosea herufi moja ya jina la Baba, na nilikaa kwenye simu muda mrefu nikisikilizishwa muziki mpaka wakanirekebishia.

Niliomba pia asindikizwe kwa kiti cha magurudumu. Baba alinuna. Alisema mtu aliyepima ardhi kwa miguu miaka thelathini, akalala porini na ramani yake kifuani, hawezi kusukumwa kama gunia. Nilimbembeleza siku mbili.

Saa nane mchana simu imelia, namba ndefu nisiyoifahamu. Alikuwa mhudumu wa kule anakobadilishia ndege, akiuliza kama mimi ndiye binti wa mzee mwenye kofia ya kahawia. Akanieleza kwamba alimwacha kwenye kiti dakika chache tu akashughulikie karatasi, aliporudi akakuta kiti kitupu. Wamemtafuta chooni, dukani, kila mahali. Wamemkuta kwenye dirisha kubwa, ameazima kalamu kwa muuza kahawa, anachora ramani ya ukumbi mzima, nguzo kwa nguzo, na amekataa kuondoka kabla hajamaliza. Wakanipa niongee naye.

“Mlango wetu uko kaskazini, hatua mia mbili na kumi,” akaniambia. “Hawa watu hawakijui kiwanja chao.”

Nikamwomba amsikilize yule dada. Akakubali. Mhudumu naye akaniahidi kwamba hatabanduka mpaka amkabidhi ndani ya ndege. Nilipokata simu nilikaa chini sakafuni, Mama Nauli akaniletea maji.

Sasa, kaka, nikwambie nilichokuficha. Kila ulipopiga simu nilikuambia Baba anasahau kidogo, ni uzee tu. Si kidogo. Anatoka chooni haijui njia ya chumbani. Mara mbili majirani wamemrudisha kutoka barabara kuu akiwa na nguo za kulalia. Tangu mwezi wa tatu, nikija kazini, nimekuwa nikimfungia mlango kwa nje. Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa sebuleni, amevaa koti na viatu. Akaniamkia vizuri, kwa heshima, kama mtu anavyomwamkia mwenye nyumba, akaniomba nimsaidie kufungua mlango. Alisema binti yake atakuwa anamtafuta.

Niliingia jikoni nikafungua bomba la maji ili asinisikie.

Wewe unajua anakuja kwa wiki tatu. Mimi sikukata ya kurudi. Na usidhani ni kwa sababu ya bei. Mambo ya mtandao ni ya ajabu: ya kwenda na kurudi ilikuwa rahisi kuliko ya kwenda tu. Zilikuwa kwenye ukurasa mmoja, moja juu, nyingine chini yake. Niliziangalia mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia, nikalipia ile ya ghali.

Leo alfajiri, kwenye foleni ya mizigo, akili yake ilikuwa safi kabisa. Alinishika mkono akaniuliza, “Ya kurudi umekata?”

Nikamjibu, “Ndiyo, Baba.”

Akasema, “Basi vizuri,” akaenda.

Uniwie radhi, kaka. Nimechoka, na sikujua namna ya kukwambia nimechoka bila kuonekana nimemchoka yeye. Ulikuwa ukisema kila mara kwamba nyumba yako ni yake. Nimekushika kwa neno hilo bila kukuuliza, na najua si haki kwako, wala kwa wifi. Akikuuliza siku ya kurudi, usiniongezee uongo juu ya uongo. Mwambie mimi ndiye sikukata. Akinikasirikia, angalau siku hiyo atakuwa ananikumbuka.

Nilikuwa nimeishia hapo. Sasa ni saa kumi na mbili na robo, wenzangu wameshatoka, na ukurasa umeandika kwamba ndege imeondoka. Mhudumu amenitumia ujumbe: mzee yuko ndani, amekaa dirishani, ramani yake ameondoka nayo. Nimepumua kwa mara ya kwanza leo.

Asiposhuka na watu wa mwanzo usihangaike, atakuwa wa mwisho, na kiti. Chai yake haina sukari. Taa ya njia ya kwenda chooni iachwe inawaka.

Nisalimie sana wifi, mwambie nitampigia mwenyewe nimwombe radhi. Wabusu watoto. Hapa majirani na Mama Nauli wanakusalimu. Nyumbani bado sijaenda. Ufunguo ninao mkononi na sitaki kusikia mlango ukifunguka hakuna mtu ndani.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba