Kisu cha Mpini Mwekundu

4 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na magoti yake yametulia. Sisi wazima. Kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli inaendelea. Mgongo unalalamika lakini unatii.

Baba, kaa kwanza. Nimekipata! Kile kisu chako cha kukunja, cha mpini mwekundu wenye nyota ya shaba, kilichopotea tulipohama. Si chenyewe, ni nakala. Kuna kiwanda kimeanza kuvitengeneza upya kwa watu kama mimi wanaoukumbuka utoto. Nilipokiona dukani nilishindwa kujizuia. Sasa ninavyo vingi, vimejaa boksi la mashati, na mkweo anauliza kama nafungua bucha.

Kimoja anakuletea dereva jirani yetu. Nataka ukishike tena na kukatia nyuzi za makochi kama zamani. Nikisikia hivyo tu nitalala vizuri.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama, na Mama yako anagombana na majirani kama kawaida. Mzigo umefika. Kisu ni kizuri, nyota ile ile. Nimekiweka juu ya kabati, wageni wanakiona. Asante sana.

Baba yako

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli: Hajakifungua hata mara moja. Vidole vimekakamaa, kisu kigumu. Hataki ujue. Mama.)

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo? Wageni wanakiona? Hicho ni kisu, si picha ya harusi.

Usinifiche. Hata mimi kimenivunja ukucha. Hawa watu wa kiwanda wamekosea: chako kilikuwa laini, nilikuwa nakifungua mwenyewe kabla sijaanza shule. Nimeshaagiza kingine kutoka kiwanda kingine. Nitaagiza mpaka nikipate kilicho laini.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila Mama yako na penseli yake nitawashughulikia.

Acha kuagiza. Kiwanda hakijakosea. Kisu changu kilipokuwa kipya kilikuwa kigumu kuliko hiki. Ulikuwa unakaa chini ya meza yangu ya kazi, unang'ang'ana nacho mpaka unalia, na ukinyang'anywa unalia zaidi. Nikakivunja ncha, nikaipunguza springi kwa tupa, nikalipanua lile bonde la kuingizia ukucha mpaka kidole chako kikaenea. Mafundi wenzangu walinicheka, fundi makochi mzima ana kisu kilicholegea kama mlango wa banda. Sikukwambia, kwa sababu siku ile ulipokifungua ulizunguka mtaa mzima ukitangaza kwamba una nguvu.

Baba yako

16 Mei

Baba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine. Barua yako nimeisomea chumba cha pasi na nimeunguza foronya. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Miaka yote hii nimejiona mtu wa nguvu.

Niambie haraka: springi inapunguzwa wapi?

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, hatujambo, salamu baadaye. Hapo umeuliza swali la maana.

Itoe ribiti, ile pini inayoshika mpini, taratibu. Ibane springi kwenye jiliwa, upige tupa upande wa ndani, kidogo kidogo, usiwe na pupa. Kila mara irudishe na ujaribu kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kikifunguka, acha hapo hapo. Ukizidisha kitajifungua mfukoni, na mkweo atanilaumu mimi. Cha kwanza utakiharibu. Cha pili pia. Ndiyo maana sasa nafurahi kwamba ulinunua vingi.

Baba yako

11 Julai

Baba,

Shikamoo. Tu wazima, ila meza ya jikoni imejaa vumbi la chuma na mkweo haongei nami.

Cha kwanza nilikiharibu. Cha pili pia. Cha tatu kilijifungua mfukoni, mkweo anakulaumu. Hiki ninachompa dereva leo nimekifungua kwa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, nikaruka peke yangu jikoni. Bonde nimelipanua litoshe dole gumba lako. Nasubiri kwa roho juu juu.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Kimefunguka.

Nimekata nyuzi zote za kochi la sebuleni, linahitaji kitambaa kipya. Mama yako anauliza atakaa wapi. Nimezunguka mtaa mzima.

Baba yako, mwenye nguvu