Kufuli Ambalo Halikuwapo

Jumanne, 4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na mtoto wenu, ambaye naambiwa ameota meno na sasa anang'ata kila anayemsogelea. Mimi ni mzima, ila kifua bado kinakwaruza kwa ule moshi, na sauti yangu imekuwa ya jogoo mwenye mafua. Hata hivyo sijanyamaza.

Habari za moto wa bweni letu umezisikia kama chuo kilivyozitangaza: kwamba mlango wa dharura ulikuwa wazi, na kwamba wasichana tuliumizana kwa hofu zetu wenyewe. Uongo! Mlango ulifungwa kwa kufuli, na mwenzangu wa kitanda cha juu, yule anayesoma hesabu, aliruka dirishani akavunjika nyonga. Kufuli lile nililirekodi kwa simu, moshi ukiwa bado unafuka. Nikaihamishia video kwenye kompyuta mpakato uliyonipa, nikaifuta kwenye simu kabla walinzi hawajaninyang'anya. Kisha nikaifunga diski nzima kwa nenosiri.

Nenosiri hilo nimelisahau.

Usicheke. Jioni ile nilikuwa nimetoka kuhutubia juu ya moto ule kwenye ngazi za maktaba, damu ingali inachemka. Nikachukua sentensi moja ya hotuba yangu, ndefu, ambayo adui asingeweza kuibahatisha, nikaifanya ufunguo. Leo naikumbuka kama mtu anavyoukumbuka wimbo wa utotoni: mdundo upo, maneno yameyeyuka.

Nimesimamishwa masomo. Tarehe ishirini na nne kamati ya nidhamu inataka nilete ushahidi, la sivyo nifukuzwe kwa uzushi. Kompyuta imo ndani ya kifurushi hiki, na sentensi ninazozidhania nimezinakili nyuma ya bahasha. Wewe ni fundi. Ibembeleze, itishe, ivunje, lakini ifunguke.

Mdogo wako


Jumapili, 9 Machi

Kipaza,

Marahaba. Sisi hatujambo, na mimi pia nimeshang'atwa, tena puani. Pole kwa kifua. Kunywa maji ya moto na upunguze kelele, ingawa najua hilo la pili naliomba bure.

Mzigo nimeupata. Nimeitoa diski, nimeichomeka kwenye mashine nyingine hapa mezani, hola. Sentensi zako zote nimezijaribu, hata moja haikukubali. Sikia nikueleze: ungekuwa umefunga mlango tu, ningepita dirishani. Wewe umeisaga nyumba nzima ikawa unga, na paswedi peke yake ndiyo inayojua ilikuwa nyumba gani. Fundi atakayekwambia anaiweza hiyo, mkimbie. Ninachoweza ni kuisafisha ianze upya, na video iende na maji.

Hotuba zako hurudii neno, watu wanakusifia. Haya, ona sasa.

Nisikilize mimi kaka yako. Mlezi wa wanafunzi amempigia Baba simu. Andika barua ya kuomba radhi, useme ulichanganyikiwa kwa mshtuko, utarudi darasani. Umebakiza muhula mmoja tu, dada! Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Kaka yako


Jumatano, 12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naamini pua imepona. Kwangu si haba. Nimehifadhiwa na rafiki katika chumba kilicho juu ya duka la matairi, hata chai huku inanukia mpira.

Umenipa methali, nami naiheshimu. Lakini mkono uliotufungia kufuli sisi tukiwa ndani, huo siubusu. Ninaweza kushindwa, lakini kuomba radhi kwa sababu nusura niungue, hapana!

Diski usiiguse. Mimi nimeisahau sentensi yangu, lakini ngazi zile zilijaa watu. Nitamwendea kila aliyenisikia, anirudishie maneno yangu.

Mdogo wako


Jumatatu, 17 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Kifua kinaendelea vizuri. Kiburi changu ndicho kinachougua.

Nimezunguka. Kila mtu ana sentensi yake. Mmoja amenipa yenye vina, mwingine anaapa kwamba nilimnukuu Mama, jambo ambalo sikulifanya. Zote ni nzuri kuliko yangu, nami nimezinakili hapa chini uzijaribu.

Mwisho nikamwendea mpinzani wangu anayesoma sheria, yule aliyenishinda uchaguzi wa wanafunzi na hajaacha kunikumbusha. Nikamuuliza: "Unakumbuka nilisema nini?"

"Mheshimiwa, utanisamehe. Nilikuwa nakohoa, hotuba yako sikuisikia. Ila mlango ule niliupiga teke kutoka nje, nyinyi mkipiga mayowe ndani. Kucha iling'oka. Nikuoneshe?"

"Usinioneshe."

Alikuwa ameshavua kiatu.

Ndipo nikarudi kwa wale wale niliokwisha kuwahoji, nikaacha kuuliza juu ya hotuba. Kaka, walifunguka! Mmoja alilishika kufuli likamuunguza kiganja. Mwingine alimsikia mlinzi akilia kwamba ufunguo uko ofisini. Mimi nilikuwa nikiwasaka ili wanirudishie maneno yangu, kumbe wana ya kwao, na hakuna aliyewauliza.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Machi

Kipaza,

Marahaba. Sote wazima.

Sentensi zote nimezijaribu. Zimekataa.

Hao wenzako nao wana wazazi, usisahau. Siku yenyewe ikifika, usishangae ukijikuta peke yako. Bado sijabadili mawazo kuhusu ile barua ya radhi.

Lakini nikwambie kitu. Mlezi alimpigia tena Baba jana. Baba akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akakata. Hakuaga. Unamjua Baba, hata aliyekosea namba humuuliza habari za nyumbani.

Kaka yako


Jumamosi, 29 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Baba shikamoo yake peke yake, na umwambie nimeipata salamu ya simu aliyoikata.

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza: "Ushahidi uko wapi?" Nikajibu: "Umefungwa, na ufunguo nimeupoteza mwenyewe." Wakacheka. "Basi huna kitu," akasema. Nikaomba mlango ufunguliwe.

Waliingia, Kaka. Mbele kabisa yule wa hesabu na magongo yake, nyuma yake yule wa sheria akichechemea kupita kiasi, kwa makusudi. Mwenyekiti akaonya kwamba atakayefungua kinywa atashtakiwa pamoja nami. Yule wa sheria akavuta kiti: "Na tuanze basi, maana mimi nina maneno mengi kuliko huyu."

Walisema mpaka katibu akaomba kalamu nyingine.

Uamuzi umeahirishwa, nasi sote tumesimamishwa. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa nje ya uzio, nikamwona fundi wa chuo akizunguka mabweni yote na msumeno wa chuma.

"Unakata nini?" nikamuuliza.

"Makufuli."

"Makufuli gani? Chuo kinasema hayapo."

"Dada, niache nimalize, yako mengi."

Jana watu wa chuo wameniletea barua ya radhi. Safari hii wameiandika wenyewe, nimeachiwa nafasi ya saini tu. Nimeirudisha, na katika nafasi ile nimeandika: "Tangulieni ninyi."

Mdogo wako