Uso Aliouchora Olive

Keshero, 4/3/2026

Olive mutoto wangu,

Salamu toka kwetu. Uko muzima? Unakula? Mimi niko muzima, lakini kaa chini kwanza ndipo usome. Jana jioni mwizi aliingia, akamupiga papa yako nyundo ya kichwa. Yuko hospitali. Anapumua, ila hafungui macho. Mimi nilikuwa mulangoni na sufuria ya maharagwe, yule mutu akanipita hapa karibu, nikauona uso wote. Mwingine aliyemuona hakuna.

Unajua siku hizi hatuna pa kushitaki. Samy, yule kijana wa jirani, anasema tukipata foto, vijana wa kartiye, hawa wa mutaa wetu, watamutafuta. Foto tutaitoa wapi? Lakini wewe si unachora! Alikuwa na uso mubaya, mubaya kama shetani. Nichoree.

Mama yako

Kampala, 5/3

Mama mupendwa,

Nimesoma nimekaa, vile ulisema. Pole, mama. Wewe umelala hata kidogo? Umekula nini?

Nitachora. Lakini usiniambie alikuwa mubaya, ubaya hauchoreki. Tukichora, lazima kichwa kisahau hata majina: hakuna pua, hakuna jicho, kuna kivuli hapa na mustari pale. Kwa hiyo funga macho uniambie. Kati ya macho yake, jicho la tatu lingeenea? Toka pua mpaka mudomo, kidole kinaingia? Mashavu yamejaa ao yamebonyea? Usikimbilie kujibu. Usichokumbuka, sema hukumbuki.

Mutoto wako, Olive

Keshero, 8/3

Olive wangu,

Umeamka salama? Papa yako ni vilevile, dokta anasema tungoje.

Picha imefika. Yesu wangu, ni yeye! Niliifungua nikatupa telefoni chini. Masikio, kidevu, yale yote niliyokuambia sikumbuki, umeyapata, sijui umeyatoa wapi. Sasa nikifunga macho namuona sawasawa na vile umemuchora. Samy ametuma picha katika magrupe yote ya telefoni. Mutu mumoja amejibu ati anamujua, anashona viatu kule Munigi. Vijana wanaenda leo saa tisa. Wacha waende! Kwa vile alivyomufanyia papa yako, hata mimi ningebeba jiwe. Aksanti, mutoto wangu.

Mama yako

Kampala, 8/3, saa nane

Mama!

Unisamehe, leo sisalimii. Simamisha Samy sasa hivi!

Nikimaliza picha huwa naigeuza juu chini, ili kichwa changu kisione tena mutu, kione mistari tu. Hapo ndipo makosa huonekana. Hii nilituma bila kuigeuza, kwa sababu ulikuwa unalia. Leo nimeigeuza. Ile ni mistari ya Papa Anastase, fundi viatu! Ule mwaka nilipokaa Munigi kwa mama mudogo Patricia, yeye ndiye aliyekubali nimuchore kila siku, kwa sababu akishona hatikisiki. Mukono wangu ulijifunzia nyuso kwake. Pale uliposema hukumbuki, ubongo wangu haukungoja, ulichukua uso unaoujua ukajaza. Naapa, mama, niliamini namuchora mwizi wako.

Na wewe sasa unaona picha yangu, humuoni tena yule mutu. Samy hashiki simu. Panda pikipiki, kimbia! Watamuua bure.

Olive

Kampala, 9/3

Mama, sijapata jibu. Ulifika? Yuko hai? Niambie hata neno moja.

Olive

Keshero, 11/3

Olive mutoto wangu,

Salamu. Natumaini uko na nguvu za kusoma. Mimi sikuwa na nguvu za kuandika.

Nilifika. Walikuwa wamemuketisha barabarani, damu mudomoni, mupira wa gari uko kando yake, petroli iko mukononi mwa mutu. Samy akaniambia, "Mama, sema tu kama ni yeye." Nikamutazama. Sikudanganyi, Olive: moyo wangu wote ulisema ni yeye. Nilimukumbuka mulangoni petu na nyundo, yeye kabisa. Nilimuchukia. Halafu nikakumbuka maneno yako, nikasema, "Si yeye. Mumwachilie."

Samy akapandisha sauti ati nimehongwa. Nilipiga magoti katikati yao mpaka wakatawanyika. Nikamusimamisha yule muzee. Akauliza ni nani aliyechora. Nikamwambia ni mutoto wangu, Olive. Akasema, "Olive wa kwa Mama Patricia?" Akaenda zake polepole, ameshika mbavu.

Kama ulikosea kuchora, nimeokoa mutu. Kama hukukosea, nimemwachilia aliyemupasua papa yako kichwa. Uso wa kweli siuoni tena, Olive, nimeutafuta siku zote hizi. Sikulaumu. Lakini inaniuma.

Papa yako amefungua macho asubuhi. Ameuliza ni nani alimupiga. Nimemwambia sikuona.

Mama yako