Dawa ya Mama na Panya wa Halima

Jumapili, Arua. Mvua imenyesha tangu alfajiri na barabara ya mtaani kwetu ni tope jekundu tupu. Sijatoka. Tangu niamke namuwaza dada yangu Halima.

Halima anafanya kazi katika maabara moja Kampala. Panya hupewa dawa ya saratani, kisha yeye hupima damu yao na vipande vya ini na mapafu, ajue dawa imefika wapi na kwa kiasi gani. Hupima pia kitu ambacho ini hukitengeneza kutokana na dawa hiyo. Wao hukiita metaboliti. Mimi nakiita mtoto wa dawa, na Halima anasema mara nyingine mtoto ana nguvu kuliko mzazi.

Jana tulikwenda Koboko kwa Mama. Ana saratani ya titi, na daktari amempa vidonge vya kumeza kila siku. Tulipofika tukakuta ameviacha.

Alimgeukia Halima hata chai haijapoa. "Dawa hii mimi nakula, natapika. Wewe iko napima dawa kila siku. Ambia mimi kweli: hii yangu iko nafika kwa ugonjwa?"

Nilimwomba Halima kimoyomoyo aseme ndiyo.

"Mama, kwa mwili yako mimi sijui," akasema. "Mimi napima panya tu."

Nilitaka kumfinya.

Lakini Halima akaendelea, taratibu. Akasimulia jinsi mashine ilivyowahi kumwonyesha dawa nyingi kwenye ini, mpaka mkubwa wake wa kazi akaanza kufurahi. Halafu akapima damu ya panya ambaye hakupewa dawa kabisa. Nayo ikaonyesha dawa! Kumbe mabaki ya sampuli za nyuma yalikuwa yamebaki ndani ya mashine. Halima akayatupa majibu yote, akaisafisha mashine, akaanza upya kazi ya miezi.

"Na mkubwa yako?" Mama akauliza.

"Alikasirika. Lakini Mama, iko watu watakula dawa hiyo."

 Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue.

"Wewe hapana danganya hata kwa maneno ya panya. Basi, sema mimi nafanya nini."

Halima akamwambia ale kwanza, ndipo ameze, na Jumatatu aje Arua kwa daktari, amweleze habari ya kutapika. Nikaenda jikoni kukoroga uji. Mama alikunywa, akameza kidonge, na sisi wawili tukakaa tunamkodolea macho.

"Wacha kuangalia mimi kama panya yenu!"

Asubuhi hii Mama amepiga simu. Kidonge hakikurudi.

Sijui daktari atasema nini kesho. Hilo linaniogopesha. Lakini namwona dada yangu mbele ya Mama, akisema "sijui" bila kutetemeka, na najiuliza: mimi ningeweza?