Stamili Ameikataa Kawa Yangu

Zena shoga yangu, Stamili ameikataa kawa yangu! Stamili, jirani yetu!

Nimeisuka mwenyewe kwa ukindu wa rangi, afunikie chakula. Nilikuwa na raha, nasuka barazani huku naimba. Nimempelekea sasa hivi. Hata ndani hakunikaribisha.

Akasema, "Mumeo ni askari wa Wadachi. Wamechoma ghala letu la mtama. Nifunike chakula gani?"

Nifunike chakula gani! Nikamwambia tu, "Sikumtuma mimi." Akafunga mlango.

Hamidu wangu hajarudi tangu vita vianze. Hapa Masasi hakuna tena anayeitikia salamu yangu.

Wewe huko Newala, nikikusukia mkeka, utaupokea? Mwambie huyu msafiri anayekuletea maneno haya, ndiyo au hapana. Nitamngojea njiani.